Jiko la Watu Kumi na Wanne

Mama mkwe wangu hakuwahi kukataa jiko jipya. Alichokataa ni jiko dogo, ila watu walisikia nusu ya maneno yake. Kila aliyefika nyumbani kwetu Heru Juu na jiko la mfano mkononi aliondoka akisema yule mama ni wa zamani, ameyang'ang'ania mafiga yake matatu. Mimi niliyeolewa katika nyumba ile, niliyesonga ugali ubavuni mwake miaka nenda rudi, najua alichokuwa anakisema. Leo jikoni kwetu kuna jiko la kuni alilolichagua yeye mwenyewe, na maisha ya nyumba nzima yamegeuka. Nayashuhudia haya kwa ajili ya nyumba nyingine kubwa za Kasulu na Kibondo ambazo bado zinaambiwa kwamba zimekataa maendeleo.

Kwetu nilikozaliwa ni Kifura, wilaya ya Kibondo. Nilikuja Kasulu kufundisha shule ya msingi, nikaolewa hukohuko. Nyumba niliyoingia ina wazazi, wana wao wawili wa kiume na sisi wake zao, watoto wetu, na wapwa wanaosoma sekondari mjini. Jioni ya kawaida tunakaa kula watu kumi na wanne. Msimu wa kuvuna maharage, au ndugu wakitoka Buhigwe kuja kwenye msiba, idadi hiyo inakuwa ya kuanzia tu. Na kwa Waha, mtu akikuta chakula analetewa maji ya kunawa, haulizwi ametokea wapi.

Ugali wa watu wote hao si kazi ya mzaha. Kwetu ugali mwingi ni wa muhogo, siku nyingine tunachanganya na mahindi, na ugali wa muhogo unavuta. Mpishi anakaa kwenye kigoda au anainama miguu ikiwa ameitanua, anashika mwiko kwa mikono miwili, nguvu inatoka mabegani na kiunoni, na sufuria nzima inataka kuzunguka pamoja na mwiko. Juu ya mafiga lazima awepo mtu wa pili wa kuishikilia sufuria kwa vijiti viwili au kwa matambara yaliyoloweshwa maji, uso wake ukiwa palepale moshi unapotokea. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mtoto wa kike. Binti yangu mkubwa aliianza akiwa darasa la pili.

Mwaka mmoja mradi fulani ulipita mitaa yetu ukigawa majiko banifu ya kubebeka, bati kwa nje na udongo wa kuchoma kwa ndani. Yalikuwa majiko mazuri. Mwalimu mwenzangu anayeishi na mumewe na watoto wawili alipunguza kuni kweli, na hadi leo analitumia lake. Mama alilipokea letu kwa heshima, akaliweka chini, akaleta sufuria yake ya ugali akaitua juu. Sufuria ililifunika jiko lote, na ukiigusa pembeni inayumba. Akamgeukia kijana aliyelileta.

"Mwanangu, chukua mwiko usonge."

Kijana alicheka. Mama hakucheka. Alimwonyesha mjukuu wake aliyekuwa amechuchumaa karibu na meko, akamuuliza, "Hii ikipinduka, inammwagikia nani?"

Hakujibiwa. Kwenye daftari la mradi tuliandikwa kuwa tumepokea, na jiko lile tukalifanya la kuchemshia chai na uji wa mtoto.

Majiko mengi yanayosambazwa vijijini yamepimwa kwa familia ya watu watano au sita. Naelewa kwa nini: jiko dogo linabebeka, linauzika, linapakiwa mengi kwenye gari moja. Lakini nyumba kubwa hailishwi kwa majiko madogo matatu yaliyopangwa sakafuni, kila moja likitaka mtu wake wa kuchochea. Nyumba hizi ndizo zinazoteketeza kuni nyingi kila siku, na ndizo zinazorudishwa kwenye mafiga kwa sababu hakuna aliyezipimia.

Na kuni zenyewe sasa ni habari nyingine. Baba mkwe anasimulia jinsi watu walivyoishi kabla ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kila ukoo kwenye kilima chake, kuni zikiokotwa nyuma ya nyumba. Walipokusanywa vijijini na kupangwa kando ya barabara, miti ya karibu iliisha kwanza, halafu ya mbali kidogo, halafu ya mbali zaidi. Kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996, upande wa Makere, kwa wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 Nduta huko kwetu Kibondo ikafunguliwa upya kwa Warundi. Misitu ya miombo, ile ya mtundu na mininga, ikapokea mashoka ya watu wengi kwa wakati mmoja.

Sisemi haya kuwalaumu wakimbizi, na inaniuma sana nikisikia wanalaumiwa. Mama mwenye watoto anapewa unga na maharage. Maharage hayaliwi mabichi. Atapika kwa nini? Wanawake wa kambini na wanawake wa vijiji vyetu walipita njia zilezile kuelekea msitu uleule, na wengine walipigwa na kubakwa hukohuko porini wakitafuta kuni. Haya yanajulikana Kasulu na yanajulikana Kibondo. Mtu akiniambia habari ya jiko ni jambo dogo la akina mama, mimi nakumbuka njia hizo.

Mjini Kasulu siku hizi kuni zinaletwa kwa baiskeli, zimefungwa kwa kamba za mpira hadi dereva haonekani kichwa, na bei inapanda kila mvua zinapoanza Novemba. Nyumba yetu ilikuwa inanunua na bado inatuma watoto shambani kutafuta nyongeza.

Kingine kilichotusukuma ni kifua cha Mama. Alikuwa anakohoa kila alfajiri kabla ya kuzungumza na mtu, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Alipopelekwa hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa: mama unapikia nini? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Mimi nilikuwa nawafundisha watoto kunawa mikono na kulala kwenye chandarua, na sikuwa nimewahi kusimama darasani kusema neno moja juu ya moshi. Nilianza kusoma.

Niliyoyasoma yalinifanya niwe mwangalifu na maneno ya wauzaji. Huko Malawi watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 10,000 katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, nusu ya nyumba zikiwa zimepewa majiko ya kisasa yenye feni, yasiyo na bomba la moshi. Matokeo yalipotoka, nimonia ya watoto haikuwa imepungua. Guatemala, kwenye milima yenye baridi kama yetu au kuizidi, nyumba zilipewa jiko la kujengwa lenye bomba linalotoa moshi nje. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kuwa nimonia iliyo kali sana ilipungua. Mimi si mtaalamu wa tiba. Ila nilijifunza kuuliza swali ambalo kwenye maonyesho ya majiko huwa haliulizwi: moshi unakwenda wapi? Kupunguza kuni ni jambo moja, kuutoa moshi chumbani ni jambo jingine, na nyumba yenye mgonjwa wa kifua inayahitaji yote mawili.

Nafsi yangu ilikuwa upande wa gesi, na hadi leo sijaiacha. Mei 2024 Rais Samia alipozindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nilifurahi kwa dhati, kwa sababu ni mara chache jiko la mwanamke wa kijijini kuzungumzwa na mkuu wa nchi. Tulinunua mtungi wa kilo 15 na jiko la sahani mbili. Chai ya asubuhi, mboga ya haraka, maji ya mtoto anayeumwa usiku: gesi haina mpinzani. Lakini weka juu yake maharage ya watu kumi na wanne kila siku, halafu ugali, halafu maji ya kuoga ya wazee wawili. Mtungi unakata kabla ya mshahara kuingia. Na mara tu unapokata, nyumba nzima inarudi kwenye mafiga, moshi uleule.

Umeme wa gridi ya taifa ulitufikia mwaka 2022 kupitia Nyakanazi, na yapo majiko ya umeme ya presha yanayopika maharage vizuri sana. Yaliyoko madukani ni ya lita tano au sita. Shemeji aliwahi kupendekeza tukaangalie lile jiko kubwa la chuma linalotumika kwenye taasisi. Tukalikuta kwenye shule moja: pipa zima, zuri, linameza sufuria ya watoto mia. Kwetu lingekuwa limezidi. Jiko likizidi chungu chake, unalipasha moto mwingi usiofika kwenye chakula, au unalilisha kuni chache likafuka moshi siku nzima. Hata huko Ulaya wanakopasha nyumba kwa majiko ya kuni, mafundi wanawaonya wenye nyumba kubwa kwa maneno hayohayo: wasinunue jiko kwa ukubwa wa paa, wanunue kwa joto linalohitajika, maana jiko kubwa lililobanwa pumzi linazaa masizi na lami kwenye bomba.

Aliyetutoa hapo ni fundi wa matofali aliyejifunza kujenga majiko huko Karagwe. Ujuzi wenyewe umetoka upande wa pili wa mpaka, Uganda, ambako katika miaka ya 2000 jiko la udongo la matundu mawili lilisambazwa sana vijijini. Alifika asubuhi, akapiga makofi ya salamu kama inavyopasa mbele ya mzee, akaketi. Sisi tulikuwa tumemwekea udongo tayari uani. Hakuuangalia.

"Mama, kabla hatujagusa udongo, naomba nizione sufuria zako."

Mama akazitoa zote. Akaitenga ya ugali, akaitenga ya maharage, nyingine akazirudisha. Fundi akazipima kwa kamba mdomoni, tumboni na kitakoni. Kisha akamwomba Mama akae kwenye kigoda chake cha kila siku, ashike mwiko, asonge hewa. Mama alimtazama kidogo kuona kama anataniwa, akaona hataniwi, akasonga. Fundi akaweka alama ukutani mahali kiwiko kiliposhukia. Jiko letu lina kimo cha kupita goti kidogo tu, chini kuliko majiko yote niliyowahi kuyaona kwenye picha, kwa sababu lile la kwenye picha ni la kupikia umesimama, na ugali wa muhogo wa kilo tatu na ushee Mama hausongi amesimama. Nilimtazama yule fundi nikasema moyoni, huyu ndiye wa kwanza kumuuliza mpishi.

Kazi yenyewe niliifuatilia kwa karibu, na nitaieleza kwa sababu wengi wananiuliza. Udongo ni wa kichuguu, uliotwangwa na kuchekechwa. Unachanganywa na unga wa mbao tuliouomba kwa maseremala na majani makavu yaliyokatwakatwa, unakanyagwa kwa miguu, unafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa siku kadhaa ulainike. Mimi nilidhani vile vijani ni vya kushikilia udongo usipasuke. Fundi akanieleza kuwa kazi yake kubwa ni nyingine: moto ukishawaka ndani, vile vijani na unga wa mbao vinaungua na kuacha vitundu vya hewa, na hewa hiyo inalizuia joto lisinyonywe na ukuta. Majiko ya udongo ya zamani, kama yale yaliyobuniwa Guatemala baada ya tetemeko la mwaka 1976, yalikuwa na kuta nene nzito, watu wakiamini unene ndio unaotunza joto. Ukuta mzito unakunywa joto kwanza, sufuria inasubiri zamu yake. Mmarekani Larry Winiarski, aliyefanya kazi na kituo cha Aprovecho jimboni Oregon katika miaka ya 1980, ndiye aliyeonyesha kwamba chumba cha moto kinatakiwa kiwe chembamba, kirefu kwenda juu, na kizungukwe na kitu chepesi. Kutokana na mawazo yake likaja hili jiko linaloitwa roketi.

Kitu kilichowavuta watoto wote wa mtaa ni migomba. Fundi alikata vipande vya shina la mgomba, akakisimamisha kimoja mahali pa moto, akakilaza kingine kuwa mlango wa kuni, kingine akakiegemeza kupanda kuelekea tundu la pili, cha mwisho kikaelekea ukutani kwenye bomba. Udongo ukashindiliwa kuvizunguka vyote hadi vikamezwa. Ulipoanza kushika, akavichomoa kimojakimoja, na pale penye shina pakabaki njia laini ya moto na moshi, bila bati, bila chuma. Sufuria zikakandamizwa kwenye udongo mbichi zikizungushwa, hadi kila moja ikapata kikalio chake. Kisha akakwangua ndani ya kikalio ili kati ya sufuria na ukuta ibaki nafasi ya unene wa kidole, moto upite ukiusugua mwili wa sufuria pande zote badala ya kugusa kitako tu na kutoroka. Kwenye mafiga, kati ya asilimia 10 na 15 tu ya joto la kuni ndiyo huingia kwenye chakula. Linalobaki linampasha mpishi na paa.

Mvutano ulitokea kwenye mlango wa kuni. Mama aliuona mdogo.

"Mwanangu, kuni zangu ni magogo. Hapa linaingia fimbo."

"Mama, magogo tutayapasua."

"Nani atayapasua kila siku?"

Fundi akageuka kutuangalia sisi wanaume na wanawake wa nyumba tuliokuwa tumesimama. Mume wangu akasema, "Mimi na mdogo wangu." Nimeandika maneno hayo hapa kwa makusudi, na wameyatimiza. Mlango ule ukiupanua, hewa baridi inaingia kwa wingi, moto unapoa, moshi unarudi nyuma kwa mpishi. Kuni zinatakiwa ziwe nyembamba, unene wa kifundo cha mkono au pungufu, zilale juu ya kipande cha chuma bapa kilichowekwa mlangoni ili hewa ipite chini yake, na zisogezwe ndani kidogokidogo kadiri ncha zinavyoungua.

Tena ziwe kavu. Kuni iliyokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unaanza kwa kuyachemsha maji hayo kabla haujachemsha ya kwako. Tulijenga banda la kuni lenye kuta za fito zinazopitisha upepo. Tunazipasua na kuzipanga kiangazi, Juni hadi Septemba, na ikifika masika tunakuwa tunatumia za mwaka uliotangulia. Mama anazijaribu kwa kugonganisha mbili; iliyokauka inalia, mbichi inatoa sauti ya kufa. Kwa maoni yangu banda lile limetusaidia karibu sawa na jiko lenyewe, na kama huna fedha ya fundi mwaka huu, anza na banda.

Jiko liliachwa likauke wiki kadhaa, nyufa zikazibwa, likawashwa kwa moto mdogo siku chache. Siku ya ugali wa kwanza Mama hakumwita mtu wa kushikilia sufuria. Ilikuwa imezama hadi karibu na masikio, udongo umeikumbatia, mwiko ukazunguka na sufuria ikatulia. Binti yangu alikuwa ameshasogea na vijiti vyake viwili mkononi kama alivyozoea. Bibi yake akamwambia, "Nenda ukasome, mama." Mimi nilitoka nje kidogo.

Kwenye tundu la pili maharage yanaendelea kuiva kwa joto linalopita likielekea bombani. Tunayaloweka usiku, yanachemka kwanza kwenye tundu la moto mkali, halafu yanahamishwa. Tukimaliza kula, tundu hilohilo lina maji ya kuoga ya Baba. Mzigo wa baiskeli uliokuwa haufikishi Jumamosi sasa unavuka hadi katikati ya wiki ya pili. Kikohozi cha Mama hakijaisha, na sitasema kimeisha. Miaka arobaini ya moshi haifutwi na bomba. Lakini anaamka na kutusalimia kabla ya kukohoa, macho yake yameng'aa, na daktari amemwambia asiache kupikia pale.

Kuna tulivyovipoteza pia. Mafiga yalikuwa taa na yalikuwa joto. Usiku wa Julai huku juu ni wa baridi kali, na wazee walikuwa wanakaa kuuzunguka moto wakisimulia, watoto wamelala mapajani. Jiko lililofungwa linauficha moto. Majuma ya kwanza Baba alikuwa anaingia jikoni, anatazama, anatoka. Fundi aliitwa tena. Mita ya kwanza ya bomba letu ni ya matofali, na ukuta wake unapata joto la kutosha baada ya mapishi ya jioni, basi akajenga kibaraza cha udongo kuuegemea. Sasa Baba anakaa pale mgongo ukiwa ukutani, anasikiliza redio, na wajukuu wanamfuata. Taa ni ya umeme, na ukikatika ni ya sola.

Mahindi ya mbegu nayo yalikuwa yananing'inia juu ya moto, moshi ukiyakinga na dumuzi. Moshi ulipohamia bombani, msimu wa kwanza wadudu waliyashambulia. Tukahamia kwenye mifuko ya tabaka tatu inayofungwa bila hewa. Mtu akikujengea jiko lenye bomba bila kukuuliza mbegu zako unazitunza wapi, amekuachia kazi ambayo hakukwambia. Sijaona kikaratasi cha mradi wowote kinacholitaja hili, nami nalisema kila ninaposimama kwenye kikao cha wazazi shuleni.

Watu wananiuliza kama si kurudi nyuma, kujenga jiko la kuni wakati taifa linaelekea kwenye gesi na umeme. Mnamo miaka ya 1790 mjini Munich, mzaliwa wa Massachusetts aliyekuja kuitwa Count Rumford alijenga majiko ya kulisha maskini kwa mamia, akaufungia moto ndani ya matofali na kuzamisha masufuria ndani yake, kwa sababu alikuwa ameona jinsi moto wa wazi ulivyokuwa unapoteza kuni. Ulaya haikungojea gesi ndipo ianze kuheshimu mapafu na mifuko ya wapishi wake. Nasi tusingojee. Gesi ikishuka bei nitanunua mtungi wa pili siku hiyohiyo. Hadi hapo, nyumba ya watu kumi na wanne inapika jioni hii, na kesho jioni.

Kifura nako wameanza. Wifi yangu anaishi na mama yangu mzazi katika nyumba yenye watu wengi kuliko yetu, na jiko lao limeezekwa kwa nyasi. Fundi alikwenda kuangalia, akakataa kabisa kulipitisha bomba kwenye nyasi. Litatoka kupitia ukuta wa nyuma na kupanda nje, mbali na ukingo wa paa, hadi watakapopata mabati. Kando ya shamba wamepanda migrevilea, na matawi yanayokatwa kila mwaka ndiyo unene hasa ambao mlango ule unautaka. Wanangoja maharage yavunwe ndipo kazi ianze. Sufuria zimeshapimwa. Mama yangu anasonga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mlango wa kuni utakaa upande tofauti na wetu, na tundu la maharage litahamia kulia kwake.